K ya Roma Imebaki Orulei

Benchi la Orulei, kijiji cha milimani Sardinia, ni la jiwe, limeegemea ukuta wa baa ya Shangazi Gonaria, na jua hulifikia saa tatu asubuhi likaliaga saa sita kasorobo. Hoja isiyomalizika ndani ya muda huo huahirishwa mpaka kesho, na zipo zilizoahirishwa tangu enzi za babu zao. Hapo kila mtu ana mahali pake. Mwanzoni hukaa Redio, aliyekuwa tarishi wa posta miaka thelathini na minane, na ambaye hata baada ya kustaafu hakuacha kusambaza habari za watu, ila sasa husambaza kwa mdomo. Katikati hukaa Askofu, ambaye hajawahi kuwa hata padri. Ni mpiga kengele wa kanisa. Mwishoni, upande wa upepo, hukaa Bakis mchunga kondoo, aitwaye Sauti kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akianzisha wimbo katika kikundi cha waimbaji wanne wa kijiji, na chini ya miguu yake hulala mbwa wake mzee. Asubuhi hiyo ya Novemba mgeni mmoja alikuwa ameongezeka: Efisia, binti wa Cagliari, mji mkuu wa kisiwa, aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki huku amekumbatia mkoba wake kama mtu aliyebeba mayai. Mwaka mzima alikuwa akiandika tasnifu juu ya konsonanti za Kilatini na namna zilivyogeuka hadi kuwa Kisardinia. Kesho yake saa tano angesimama mbele ya maprofesa wake kuitetea. Alikuwa amekuja kuchukua kitu kimoja tu, sahihi ya Bakis, ili sauti yake iliyorekodiwa ihifadhiwe chuoni.

Bakis alikuwa ameshika kalamu. Robo saa nzima, na hajaandika kitu.

— Weka sahihi, Sauti, alisema Redio. Unaitazama hiyo karatasi kama mwanakondoo anayeona theluji mara ya kwanza.

— Ninasoma.

— Unasoma nini, na miwani umeiacha nyumbani?

Shangazi Gonaria alitoka na birika lake dogo la chuma. Mashine ya kahawa ya baa ilikuwa imekufa tangu Jumatatu, kwa hiyo alikuwa akipika jikoni kwake, vikombe sita kwa mkupuo, na fundi aliyeahidi kuja alikuwa bado anaahidi. Redio alimpokonya birika akamtilia Efisia kwanza. Hapo ndivyo ilivyo: aliyetangulia kukaa humnywesha anayekuja, na mgeni akikataa, ni kama amewatukana mpaka marehemu wao.

— Ni cha tatu hiki, mjomba, alisema Efisia. Mikono inatetemeka.

— Inatetemeka kwa sababu hujamaliza. Kunywa. Halafu tusomee tena ile sentensi.

— Nimeshaisoma mara mbili.

— Mara ya tatu ndiyo inayoingia.

Efisia alifungua tasnifu mahali palipokuwa na karatasi ya njano.

— Sura ya tatu, ukurasa wa arobaini na saba. "Katika bonde hili, Orulei ndicho kijiji pekee kilichoihifadhi k ya Kilatini nzima, majirani wote huimeza."

Benchi zima lilivuta pumzi kwa raha, isipokuwa mwisho wake wa upande wa upepo.

Maana katika milima ile jambo hilo si dogo. Watu wa Ulane, kijiji cha ng'ambo ya mto, wakifika kwenye k huikata kooni, ule mkato unaousikia mtu akisema "a-a" ya kukataa. Mia, ambayo Warumi waliiita kentum, wao wanasema 'entu. Mbwa, kane, kwao ni 'ane. Orulei imewacheka kwa hilo tangu Ulane iwepo, na leo kicheko hicho kilikuwa kimepigwa chapa na kujaladiwa.

— Tuweke kibao pale unapoingilia kijijini, alisema Askofu. "K ya Roma imebaki hapa." Kwa herufi kubwa. Watu wa Ulane wakipita kwenda hospitali, waisome.

— Wataisoma bila k, alisema Redio.

— Ngojeni kidogo, alisema Efisia. Sentensi hiyo inategemea maneno mia mbili na kumi na mawili, na yote ni ya mjomba Bakis peke yake. Mlisema yeye ndiye msemaji bora. Profesa ataniuliza kwa nini mmoja tu.

— Mwambie chema chajiuza, alisema Redio.

— Hilo haliwezi kuwa jibu, mjomba.

— Basi mwambie mimi ndiye niliyekwambia.

Bakis aliiweka kalamu juu ya goti. Alikuwa anaukumbuka mwezi wa Juni. Binti aliweka mashine ndogo ya kurekodia sauti mezani, taa yake nyekundu ikawaka, akamwambia kwa upole: sema tu, mjomba, kama kawaida. Naye alifanya nini? Alivua kofia. Akakaa wima. Akafumba macho, na mkono ukapanda wenyewe mpaka sikioni, kama jukwaani siku ya mtakatifu wa kijiji. Waimbaji wa milima ile hawaimbi kwa lugha ya jikoni kwao; huimba kwa lugha ya washairi wa kaskazini, iliyovaa vizuri, ambayo kila k ndani yake hupasuka kama lozi chini ya nyundo. Yalitoka maneno mia mbili na kumi na mawili, yote yamevaa suti. Wala hakuwa anadanganya. Alikuwa ameombwa sauti yake, akatoa iliyo nzuri.

Kwamba nyumbani, shambani na zizini yeye naye anaikata k kooni kama mtu yeyote wa Ulane, hakulifikiria hata kidogo mpaka leo, sentensi ile iliposomwa kwa mara ya kwanza. Akawatazama wenzake. Hakuna aliyeshtuka. Mtu hasikii koo lake mwenyewe.

— Sababu yake mimi naijua, alisema Redio. Nimepeleka barua vijiji kumi na kimoja, nisikilizeni. Kilatini kilipanda huku juu kwa nyumbu. Kila kona ya njia, mzigo unaangusha kitu. Zile sauti laini laini zikaanguka kule tambarare, watu wa Cagliari wakaziokota. Huku zikafika ngumu tupu. Mzigo mzito hauanguki.

— Mzigo mzito ndio unaoanguka kwanza, alisema Gonaria.

— Ukifungwa vizuri hauanguki. Mkono mtupu haulambwi.

— Methali hiyo inahusu nini hapo?

— Inahusu nyumbu.

Efisia alicheka, mara yake ya kwanza asubuhi ile.

— Lakini kuna ukweli ndani yake, alisema. Kwetu Cagliari mia ni chentu. K ikikutana na e ililainika karibu kila mahali, hata Roma kwenyewe. Milima hii ndiyo iliyogoma.

— Hata Roma! alidakia Askofu. Sasa mmesikia. Padri wetu anasema chentum pale madhabahuni. Nikamwambia, Baba, unakosea. Akaniambia Baba Mtakatifu ndivyo anavyosema. Nikamwambia, basi mwambie aje tumfundishe. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Mkuu ni nani hapo, wewe au Papa?

— Mwenye kengele.

— Kama sisi ni Warumi kiasi hicho, alisema Gonaria akiwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni, mbona maji tunayaita abba? Warumi si walisema akwa? Na ulimi, lingua, mbona kwetu ni limba?

Efisia alisogeza kiti mbele. Hilo lilikuwa somo lake.

— Hilo ni swali zuri, shangazi. Ile kw, kama ile gw, hutamkwa mahali pawili: nyuma ya kinywa, na midomoni. Kwenu midomo ilishinda. Ilijifunga kabisa, ikawa b.

— Na kwa nini ilijifunga? aliuliza Redio, ambaye jibu alikuwa nalo tayari. Upepo! Fungua mdomo useme akwa kwenye upepo wetu huu wa kaskazini. Umekwisha meza vumbi, majani na nzi wawili. Mababu hawakuwa wajinga. Wakafunga mdomo. Abba. Jaribu, sema: abba. Umeona? Hakijaingia kitu.

— Acha zako, alisema Askofu. Na farasi je? Warumi walisema kaballus, l mbili. Sisi tunasema kaddu, ulimi unajikunja kurudi nyuma. Upepo hauwezi kukunja ulimi. Huo ulimi unageuka kuangalia nyuma. Na nyuma kuna nini?

— Kuna nini?

— Wezi wa kondoo wa Ulane! Miaka elfu mbili unachunga kondoo unageuza shingo, unageuza shingo, mpaka ulimi nao ukazoea. Samaki mkunje angali mbichi.

Mwanzoni walikuwa wakizungumza Kiitaliano, kwa heshima ya mgeni, kama watu wa kule wafanyavyo siku zote. Lakini hoja ya Orulei ikipata moto haiwezi kuendeshwa kwa lugha ya kuazima. Redio alipofika kwenye upepo alikuwa tayari amevukia Kisardinia bila kujijua, na Askofu akamfuata na wezi wake. Bakis alisikia k ya kwanza ikizama. Ikafuata ya pili. Farasi akatoka kinywani mwa Askofu si kaddu bali 'addu, bila kichwa, safi kabisa, mithili ya mtu aliyezaliwa Ulane. Bakis akamtupia jicho Efisia. Kalamu ya pili ya binti ilikuwa imesimama juu ya karatasi.

— Ninyi wote mnapapasa tu, alisema Redio, sasa amesimama. Nitawaambia kitu ambacho hakijaandikwa popote. Roma ilituma huku mwalimu mmoja. Mmoja tu! Na hakuwa na meno ya mbele.

— Umeyajuaje meno yake?

— Hesabu mwenyewe. Sauti za nyuma ya kinywa alizisema sawasawa, ndiyo hii k yetu. Za midomo alizisema, ndiyo abba. Za meno zilimshinda.

— T tunayo, alisema Gonaria. Na d tunayo.

— Tuliazima Ulane.

— Redio, tangu lini sisi tukaazima kitu Ulane?

— Tuliazima na hatujarudisha. Ndiyo maana wao wamepungukiwa.

Askofu alicheka mpaka akashika mbavu. Hata yule mbwa alifumbua jicho moja, akaona ni wale wale, akalifumba.

Wakati huo nesi mpya wa zamu alishuka kwenye gari lake, mkononi ana mkoba wa kupimia shinikizo la damu. Ilikuwa Alhamisi yake ya kwanza Orulei. Aliulizia wazee, Gonaria akamwonyesha benchi kwa kidevu, na Redio, kabla hajajibu salamu, alikwisha mpa kikombe na kuinamisha birika juu yake mpaka tone la mwisho.

— Asante, mjomba, nimetoka kunywa sasa hivi…

— Hapa hujanywa.

Nesi akanywa. Akamfunga Askofu ule mkanda mkononi, akaujaza hewa, akasubiri. Kwa kuwa mkanda ulikuwa unamzuia Askofu kupunga mkono, mdomo wake uliongeza kasi maradufu: alimweleza nesi juu ya Roma, padri, wezi wa kondoo, kibao kitakachowekwa, na k ambayo bonde zima imewatoka, Orulei pekee ndiko iliko.

— Mnaitumia kila siku? aliuliza nesi.

— Kila siku! Usiku tukiota!

— Ninyi nyote?

— Mpaka mbuzi.

Nesi alisoma namba kwenye kipimo, akaiandika, akauliza kama mtu anayeuliza njia:

— Sasa mbona tangu nifike sijaisikia hata mara moja?

Jua lilikuwa bado lipo, saa tano na nusu tu. Lakini benchi lilinyamaza kana kwamba limekwisha ingia kivulini. Redio, ambaye katika miaka yake yote hakuna aliyewahi kumzima, alichungulia ndani ya birika kana kwamba jibu limebaki chini na machicha.

— Kentu, alijaribu Askofu hatimaye. Umeisikia hiyo? Kkk-entu.

— Hiyo nimeisikia, alisema nesi. Lakini hiyo si kama ya jukwaani?

Efisia alikuwa ameinama, anahesabu kitu pembezoni mwa karatasi kwa vijistari vidogo. Alipoinua uso, rangi ilikuwa imemtoka.

— Tangu muanze kubishana, alisema polepole, nimeandika mara thelathini na nne. Thelathini na nne mmeimeza. Nilidhani masikio yangu yamechoka.

Bakis akamrudishia kalamu.

— Masikio yako ni mazima, mwanangu. Nilikuimbia.

— Uliniimbia?

— Mwezi wa Juni. Nilipoona ile taa, nilikuimbia maneno yako yote. Hiyo k ni ya wimbo. Jikoni kwangu haijawahi kuingia.

— Yote, mjomba? Mia mbili na kumi na mawili?

— Na jina langu. Nalo nililivalisha.

Efisia alisimama, akakaa, akasimama tena. Gonaria alitaka kumshika bega, akajizuia. Kila mtu aliiona tasnifu mikononi mwake, na kila mtu alijua ni ya kesho saa tano.

— Weka sahihi tu, Sauti, alinong'ona Redio. Nani atajua? Huyu binti amehangaika mwaka mzima. Na kile kibao…

— Mimi nitajua, alisema Efisia.

— Na mimi, alisema Bakis. Redio, hebu nikuulize. Mwaka wa tatu huu tangu mke wangu Tatana azikwe. Wakija watu baada ya miaka mia wakasema, tusikie jinsi Orulei ilivyokuwa inaongea, watamsikia nani? Watamsikia Bakis wa jukwaani. Mimi Tatana hakuwahi kuniita Bakis hata siku moja. Angeniita hivyo ningejua nimemkosea.

Redio alivua kofia, akaivaa tena.

Efisia alitazama saa, kisha ukurasa wa arobaini na saba, kisha saa.

— Basi langu ni saa sita na dakika kumi, alisema. Nina dakika arobaini. Maneno yote hayatatosha. Thelathini yanatosha kuonyesha. Alikuwa anaongea haraka, lakini mikono ilikuwa imetulia, na yeye mwenyewe hakuwa ameona. Kesho, aliendelea, nitawaambia maprofesa sura ya tatu ilikosea, na nitawaambia ilikoseaje: kwamba ukimwekea mwimbaji taa nyekundu, hupati kijiji, unapata wimbo. Hilo hawajaliandika wao. Wataniuliza maswali mpaka jioni. Waniulize.

— Watakufukuza? aliuliza Askofu.

— Hapana. Labda. Hapana.

— Hawathubutu, alisema Gonaria.

— Mimi nilisema toka mwanzo, alisema Redio, ambaye sauti ilikuwa imemrudia. K ile haikuwa ya Roma hata kidogo. Warumi wenyewe walikuwa wanaimeza! Jeshi zima linapanda mlima na mizigo, pumzi itatoka wapi? Sisi ndio tumehifadhi ile ya kupanda mlima. Hiyo ndiyo ya asili. Mwacha asili ni mtumwa. Kibao kinabaki, tunabadilisha maneno tu.

— Na Ulane je? Nao wanaimeza.

— Wametuiga.

— Kimya! alisema Gonaria. Binti anatoa mashine ya kurekodia.

— Basi leta kahawa nyingine, tusikilize vizuri.

— Kahawa imekwisha. Pakiti nimeikung'uta asubuhi. Kaeni na mate yenu.

Efisia aliiweka ile mashine ndogo juu ya jiwe, kati ya Bakis na Askofu, na safari hii akaifunika taa yake kwa ile karatasi ya njano. Nesi alibaki amesimama na mkanda mkononi. Bakis hakuvua kofia. Mkono wake wa kulia ulianza safari ya kwenda sikioni. Aliuona, akaurudisha, akaukalia.

— Tuanze na jina, mjomba, alisema Efisia. Si lile la jukwaani. Shangazi Tatana alikuwa akikuitaje?

Bakis alitazama juu ya barabara, kule kwenye dirisha lake la jikoni lililofungwa. Kisha akaita, si kwa nguvu, kama mwanamke anavyoita mtu ambaye anajua yuko karibu na anajua amesikia:

— Ba'is! Ee, Ba'is! Chakula kinapoa!

Chini ya benchi, mbwa ambaye Roma yote na Kilatini chote vilikuwa vimempita juu ya mgongo asubuhi ile, aliinuka. Akajinyoosha miguu ya mbele, kisha ya nyuma, akajitokeza juani, akashika njia ya nyumbani.